Nani Alivunjika Ubeti wa Tatu

Mama yangu mdogo na jirani yake walikuwa hawajasemezana tangu mimi sijaota meno ya pili, na wote wawili walikuwa na afya njema kwa sababu hiyo. Chuki ikitunzwa vizuri hulisha. Walikaa Msambweni, nyumba kwa nyumba, ua mmoja wa makuti katikati. Ua ulipochakaa kila mmoja alitengeneza upande wake tu, makuti juu ya makuti, hata ukawa mnene kama ukuta wa boma. Mmoja akiwa na neno la kumwambia mwenziwe, alinunua leso yenye neno hilo, akajifunga, akatoka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Siku ya pili mwenziwe naye alitoka na jibu. Mwenye duka la leso alikwenda Makka mara mbili. Sisemi kwamba ni kwa ajili yao, lakini hesabu nimeipiga, nikairudia.

Mimi mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa ninauza santuri Ukunda. Watu walikuwa wanazitupa. Kaseti zilikuwa zimeshazishinda zamani, na wenye uwezo walikuwa wameanza kuzitazama hata kaseti kwa huruma. Nilizunguka kuanzia Bongwe mpaka Vanga, pale barabara iliponiruhusu, nikinunua kutoka majumbani. Wanaume wa biashara hii waliishia barazani, wakapewa kahawa, wakaambiwa hakuna kitu. Mimi niliingia hadi uvunguni. Mwanamke akimwambia mwanamke mwenziwe hebu niuone mkeka wako, hakuna wa kumzuia, na santuri za watu wa huku zilikuwa zikilala chini ya mikeka, mahali pa baridi.

Katika biashara yetu tulikuwa na sheria moja, nami niliiamini kama nilivyoamini kwamba chumvi ni chumvi. Santuri nyeusi ni ya masikio. Ya rangi, nyekundu au kijani au manjano, ni ya macho. Ya kijivu ni ya mjinga. Ya kijivu ndiyo ile ya kuyeyushwa: plastiki ilipokuwa haba, kiwanda kilirudisha santuri zilizokosa mnunuzi, kikaziyeyusha pamoja na karatasi zake za katikati, kikachapa nyimbo mpya juu ya mabaki ya zile za zamani. Ukiiinamisha juani unaona vidoadoa, kama unga uliochekechwa na mtu mwenye haraka. Ukiipiga, sindano inapita juu ya vipande vya karatasi, na mwimbaji anasikika kama anaimba huku mtu anakaanga samaki mlangoni.

Basi siku moja mama mdogo akaniita Msambweni. Nilimkuta ameketi kitako ukumbini, mgongo ameugeuzia ua, jambo lililoonyesha kwamba hali ni mbaya, kwa maana kwa kawaida alikaa akiutazama.

Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Kwetu, siku biarusi anapotolewa nje wanawake wamwone, kuna wimbo wa kumpokea, na beti tatu za mwanzo huimbwa na mwanamke mmoja mtu mzima, peke yake, bila ngoma wala makofi. Huyo anakuwa wa nyumba ile ile. Nyumba ikiwa na mwimbaji kisha ikaenda kuazima mwimbaji wa jirani, watu hawaulizi kwa nini. Wanajijibu wenyewe. Na somo wa biarusi, yule mama aliyemlea binti kwa mafunzo ya unyumba na ambaye siku ya harusi neno lake ndilo la mwisho, alikuwa amekuja asubuhi ile, akanywa chai ya watu, akala mahamri ya watu, kisha akasema wanawake wa mtaa wanaona beti za kupokea aimbe jirani.

"Ameniambia mimi sauti yangu ilivunjika," alisema mama mdogo. "Ananiambia hata santuri inashuhudia."

Santuri hiyo nilikuwa ninaijua. Walipokuwa wasichana, wao wawili walikuwa chama kimoja cha waimbaji wa harusi. Walichukuliwa Mombasa wakarekodiwa wimbo huo huo wa kupokea biarusi, kwa kupokezana: mama mdogo ubeti wa kwanza na wa tatu, jirani wa pili na wa nne. Kila mmoja akapewa santuri moja aende nayo kwao. Marehemu mume wa jirani alikuwa na mashine na spika ya tarumbeta, akikodisha kwenye harusi, na kwa hivyo santuri iliyopigwa Msambweni nzima kwa miaka yote ile ilikuwa ya jirani. Na katika hiyo, kila mtu alikuwa amesikia, ubeti wa tatu mwimbaji anavunjika. Sauti inakwaruza kama inaburutwa kwenye matumbawe. Tangu hapo mama mdogo hakualikwa tena kuimba popote.

"Sikuvunjika," alisema. "Aliyevunjika ni huyo huyo. Ubeti wa pili. Nimemsikia kwa masikio yangu humu ndani, si kwa kuambiwa."

Akatoa santuri yake chini ya godoro. Ilikuwa ya kijivu. Nilikuwa na mashine yangu ya kubeba, ile inayofungwa kama sanduku na kula betri sita za tochi, nikaiweka juu ya kiti. Kukaanga samaki kulikuwepo, lakini nyuma ya moshi huo mama mdogo alikuwa anapita ubeti wa kwanza mzima mzima, na wa tatu vile vile. Ubeti wa pili, jirani akavunjika. Kweli tupu. Akavunjika vibaya.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nina tatizo la kuhesabu. Niliurudisha mkono wa sindano nikasikiliza tena, safari hii nikiitazama ile karatasi ya katikati ikizunguka, na nikaona kwamba kila maandishi ya juu yalipoelekea mlangoni, sauti ilikwaruza. Yakizunguka, sauti ikapona. Yakirudi mlangoni, ikakwaruza. Sauti ya mtu haivunjiki kwa ratiba. Kulikuwa na kipande cha karatasi ya santuri ya mtu mwingine, kimezikwa mle ndani, na kila mzunguko sindano ilikuwa inamkanyaga maiti huyo.

Nikamwambia mama mdogo kwamba jirani hakuvunjika.

Alinitazama kama mtu aliyeita wakili akaletewa askari. Akanikumbusha nani alinibeba mgongoni nilipougua surua. Akasema nimeitwa kumtetea yeye, si wa upande wa pili, na kama mwenye makosa si jirani basi nimlete mwenye makosa mwingine, na upesi. Nikamwuliza swali moja tu: je, santuri ya jirani amewahi kuisikia akiwa karibu, ndani ya nyumba ile?

"Mimi," akasema, "niingie mle?"

Kwa hivyo niliingia mimi, siku hiyo hiyo, kwa mlango wa mbele, kama mfanyabiashara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtoto wa huko."

Huko maana yake upande wa pili wa ua, hatua chache. Sikukaribishwa kuketi. Jirani alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye adabu iliyopigwa pasi. Nilipotaja santuri akaniambia haiuzwi, lakini alitaka niione, kwa sababu alijua nitakwenda kusimulia. Akaileta ndani ya foronya. Ilikuwa nyeusi. Ilikuwa inang'aa kama nywele za biarusi, na sababu niliijua nilipoishika: alikuwa anaipaka mafuta ya nazi. Miaka yote, kila Ijumaa, kama fanicha. Vumbi la Msambweni lote lilikuwa limekaribishwa mle ndani na kupewa mahali pa kulala.

Akaipiga mwenyewe, kwenye mashine ya marehemu. Ubeti wa pili ukapita safi. Ubeti wa tatu, mama mdogo akavunjika. Na jirani, aliyekuwa amesimama, akafumba macho kwa utamu.

Nilimwomba arudie. Akarudia kwa moyo mkunjufu. Nikaitazama karatasi ya katikati, na mambo yakawa yale yale: mzunguko, kwaru, mzunguko, kwaru. Ratiba. Nikapitisha kidole ukingoni, nikafuta mafuta, na pale chini ya weusi nikaona vidoa. Nayo ilikuwa ya kuyeyushwa. Kiwanda kilikuwa kimetia rangi nyeusi nyingi zaidi siku hiyo, basi. Weusi haukuwa usafi. Ulikuwa kifuniko.

Nilijaribu kumweleza kwa heshima zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akairudisha santuri ndani ya foronya.

"Ya kuyeyusha ni ya kwenu," akasema. "Ile ya rangi ya jivu la jiko. Dunia nzima inaijua. Yangu ni nyeusi, na kama macho yako yana kasoro, hospitali ya Msambweni iko hapo. Mwambie aliyekutuma."

Nikatoka nimesimama katikati ya ugomvi ambao sikuuzaa. Mwenye kijivu alikuwa amemsikia mwenziwe akivunjika ubeti wa pili. Mwenye nyeusi alikuwa amemsikia mwenziwe akivunjika ubeti wa tatu. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake chini ya godoro, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka ua kwenda kusikiliza wa mwenziwe. Nilikuwa na santuri mbili, mashahidi wawili waongo, na somo hatamwamini wa upande wowote. Nilihitaji ya tatu.

Na ya tatu nilikuwa nimeiona. Ilikuwa imepigiliwa msumari ukutani Diani.

Kulikuwa na hoteli moja pale ufuoni ambayo baa yake ilipambwa kwa santuri za rangi, ukuta mzima. Msimamizi wa baa hiyo alikuwa mtu wa bara, kijana mnene wa shingo, aliyenichukia kwa namna ya kawaida tu, bila jambo maalumu. Nilikuwa nimemuuzia za kijani kadhaa. Siku ya kumpelekea ndipo nilipoiona nyekundu, jina la wimbo na la chama yakisomeka kwenye karatasi ya katikati, na sikujali. Niliambiwa baadaye kwamba mwenye kurekodi alichapisha chache nyekundu za kuwapa wakubwa, na hiyo ilitoka katika nyumba ya mkubwa mmoja Kwale aliyestaafu. Sikujali kwa sababu ya ile sheria. Ya rangi ni ya macho.

Mwaka ule fujo za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimepita na watalii walikuwa hawajarudi. Niliingia baa mchana. Nilihesabu viti arobaini na wateja wawili, nikahesabu tena nikakumbuka kwamba mteja mmoja ni mimi. Yule msimamizi alikuwa anafuta gilasi ambayo haikuwa imenywewa.

Nikamwambia ninaitaka ile nyekundu.

"Hiyo siuzi, mathe," alisema. "Hiyo ndiyo inafanya ukuta ikae poa. Na utafanyia nini? Hizi za rangi haziimbi, wewe si ndio uliniambia? Saundi yake ni bure."

Nilikuwa nimemwambia hivyo, ni kweli, nilipokuwa ninamshusha bei mtu mwingine mbele yake. Nikasema ninataka kuitengeneza saa ya ukutani. Akasema kwani Ukunda nako watu wana haja ya saa siku hizi. Nikasema wapo wachache, hasa wanaosubiri wageni. Hapo akaiweka gilasi chini, akaniuliza kama si sisi watu wa huku tuliofukuza hao wageni, na sasa tunataka kumaliza na ukuta.

"Mimi sijafukuza mgeni," nikamwambia. "Mimi nilikuwa ninamuuzia. Wewe ndiye uliyekuwa unampa bia ya moto."

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na kazi nyingine ya kufanya, na hilo ndilo lililotusaidia. Nilikuwa nimekuja na mbili za manjano kwenye kikapu. Akataka tatu. Nikamwonyesha kwamba zake za ukutani zimepangwa saba saba, na safu ya chini ina tano, kwa hivyo mbili zangu zinaijaza safu na ile nyekundu ikitoka anabaki na pengo moja badala ya mawili. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Akasema pengo ni pengo, nikasema pengo la juu wateja hawalioni, wateja wa baa hutazama chini. Mwisho alichukua mbili za manjano na kikapu chenyewe, ambacho kilikuwa kizuri, na ninakikumbuka.

Msumari ulikuwa umepita tundu la katikati, haukujeruhi kitu. Upande uliotazama baa ulikuwa umepauka ukawa rangi ya ufizi, umeshika moshi wa sigara na mafuta ya viazi. Wimbo wetu ulikuwa upande uliotazama ukuta. Niliipangusa kwa pindo la leso, nikaiinua kwenye mwanga wa bahari, na kwa kuwa ilipitisha mwanga kama kioo, nikamtazama yule msimamizi kupitia humo. Sikuona doa, wala uzi, wala kipande cha karatasi. Nilimwona yeye tu, mwekundu na safi. Ni mara moja hiyo nilipomwona hivyo.

Hapo ndipo sheria yangu ilipoanza kunitia wasiwasi. Nyeusi inaweza kuficha kila uchafu wa kiwanda. Nyekundu hii haina pa kuficha.

Somo wa biarusi alikubali kusikiliza kwa masharti. Hakuna atakayeijaribu santuri nyekundu kabla. Atailaza nyumbani kwake. Zote tatu zitapigwa mashine moja, na mpigaji hatakuwa mtu wa kwetu wala wa kwa jirani, bali yeye mwenyewe, ingawa ilinibidi nimwonyeshe upande gani ni juu. Nilimwomba kitu kimoja, ruhusa ya kuziosha zote mbele yake. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukioshea santuri, chumvi inakauka ndani ya mistari, na ukiipiga unasikia bisi. Nikatumia maji ya mvua kutoka pipa la msikitini, sabuni ya mtoto na pamba. Maji ya santuri nyekundu yalitoka na harufu ya viazi. Ya jirani yalitoka na kitu ambacho ungeweza kukipikia.

Palikuwa na shida ya mahali. Mama mdogo haingii kule, jirani haingii huku. Somo akaamuru makuti mawili yatolewe kwenye ua, pakawa mlango mdogo, na meza ikawekwa pale pale kwenye pengo, nusu huku nusu kule. Mama mdogo akasema makuti yote mawili yametolewa upande wake. Jirani akauambia ua kwamba kuna watu hata makuti yao wanayaona almasi. Kisha kila mmoja akaketi kwake, leso kichwani, na wanawake wa mtaa wakajaa pande zote mbili, wengi zaidi upande wa jirani. Nilihesabu.

Kwanza ya kijivu. Ubeti wa pili ulipokwaruza, upande wa jirani walinong'ona. Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Jirani mwenyewe alikaza shingo. Sidhani kama alikuwa amewahi kuwaza kwamba kuna nyumba duniani ambamo anayevunjika ni yeye. Pili ile nyeusi. Ubeti wa tatu ukakwaruza, na mama mdogo akatazama vidole vyake vya miguu kimoja kimoja.

Kisha somo akaiweka nyekundu.

Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kujitetea. Sikuyahitaji. Hakukuwa na samaki wanaokaangwa. Kulikuwa na chumba, ungeweza kusema kina ukubwa gani, na fidla mahali pake, na mama mdogo akaingia ubeti wa kwanza akiwa na miaka ishirini, sauti nyembamba, ngumu, iliyonyooka kama mstari wa fundi seremala. Ubeti wa pili jirani akaingia, mzito zaidi, mtamu zaidi kwa kweli, wala hakuvunjika. Ubeti wa tatu mama mdogo akapanda pale juu ambapo Msambweni nzima ilijua atavunjika. Akapita. Akapita na kushuka upande wa pili bila hata kugusa ukuta.

Upande wa kwetu mtu mmoja alipiga kigelegele kisha akanyamaza kwa aibu.

"Huo ni wimbo mwingine," jirani aliuambia ua. "Tuliimbishwa tena, wakapewa wakubwa. Hata mimi nakumbuka."

Hapo ndipo nilipomwomba somo arudie mwisho wa ubeti wa tatu katika zote, na asikilize si waimbaji bali nyuma yao. Nilikuwa nimekisikia tangu siku ya kwanza na kukihesabu bila kujua kitanisaidia: kabla ya jirani kuingia ubeti wa nne, kiti cha mpiga fidla kinalia. Mara moja, kisha mara nyingine ndogo. Katika ya kijivu kiti kinalia. Katika nyeusi kiti kinalia. Katika nyekundu kiti kinalia, mara moja, kisha mara nyingine ndogo, pale pale.

Kuimba unaweza kurudia. Lakini hakuna mtu anayekiliza kiti mara tatu pale pale, kwa mpigo ule ule.

Somo aliiondoa sindano. Alikuwa mtu wa mtaa, na alikuwa amekula mahamri ya nyumba hii, na nadhani alikuwa anapima ni nani atakayemsumbua zaidi katika miaka iliyobaki.

"Hakuna aliyevunjika," akasema. "Kilichovunjika ni plastiki. Beti za kupokea ataimba mwenye nyumba."

Nilingoja mmoja wao aseme kitu kwa mwenziwe. Walikuwa wamekaa hatua tatu, pengo liko wazi, kwa mara ya kwanza wanaweza kuonana hadi kiunoni. Jirani alisimama, akachukua santuri yake nyeusi, akaitazama. Ilikuwa imepauka baada ya kuoshwa.

"Mafuta yangu mmenimalizia," akasema, akaingia ndani.

"Si mafuta yake tu yaliyoisha," mama mdogo akaniambia mimi, kwa sauti ya kufika kule.

Jioni ile aliziba pengo mwenyewe, kwa makuti manne.

Siku ya harusi nilikuwa mle ndani na wanawake. Biarusi akatolewa, akasimama macho chini, hina hadi kiwikoni. Watu wakanyamaza. Jirani alikuwa amekuja, kwa maana kutokuja kungekuwa kushindwa, akakaa mbele kabisa na leso mpya ambayo sitaitaja ilisema nini. Mama mdogo akasimama.

Ubeti wa kwanza alikuwa na miaka sitini na kitu, lakini mstari ulikuwa bado umenyooka. Wa pili alipita polepole, akikanyaga kila neno kabla ya kuliachia. Wanawake wakaanza kutazamana kwa namna ambayo mama mdogo alikuwa ameisubiri maisha yake yote. Kisha akapanda ubeti wa tatu, na kule juu, pale pale, sauti ikavunjika. Haikukwaruza kwa ratiba. Ilivunjika mara moja, kama kijiti, ikaondoka.

Wanawake wakageuka kumtazama jirani.

"Hiyo sasa si plastiki," akasema jirani.

Hakuna aliyecheka. Mama mdogo alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, akitafuta hewa. Na kabla hajaipata, jirani akiwa ameketi vile vile akauchukua ule mstari kutoka pale ulipoangukia, kwa ile sauti yake nzito, akaanza kuushusha. Mama mdogo akapata hewa. Hakumwachia. Akauvuta mstari wake, wakaimba wote wawili, kila mmoja akitaka kumzima mwenziwe, mpaka mwisho wa ubeti, na walipofika hapo wanawake walikuwa wameshapokea kwa makofi na vigelegele, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyemaliza.

Wao wanaweza. Mama mdogo anasema alikuwa anavuta pumzi tu, na yule mwizi akamwibia ubeti mbele ya watu. Jirani anasema alimsitiri mtu na hakuambiwa ahsante. Sasa hawasemezani kwa sababu hiyo mpya, na mwenye duka la leso amejenga ghorofa.

Santuri nyekundu nilitaka kuichukua. Baada ya siku ile bei yake kwangu ilikuwa imepanda mara tatu. Nilikuwa nimekwisha kuacha kuziuliza santuri rangi zake, nikawa ninaziinua kwenye mwanga na kusikiliza viti vikilia. Mama mdogo alikataa. Kikapu changu pia hakulipa. Aliniomba badala yake ile mashine ya betri sita, kwa siku mbili tatu. Haijarudi kwangu mpaka leo.

Kila alasiri anaiweka dirishani, spika ikitazama ua, na kuipiga ile nyekundu. Nimekaa pale mara nyingi nikasikiliza. Ubeti wa kwanza unapoanza, upande wa pili jirani anaanza kuosha masufuria, kwa nguvu, masufuria ambayo ninajua hayajapikiwa. Ubeti wa pili, ambao ni wake, masufuria kimya. Hata maji hayasikiki. Ubeti wa tatu masufuria yanarudi, mazito zaidi, mpaka kiti kile kinapolia. Na ubeti wa nne kimya tena.